Uzi wa Pindo Langu

Harufu ya karatasi inayoungua ikinipitia puani, mimi hucheka peke yangu. Mnisamehe, jamani. Ndiyo harufu ya ushindi wangu wa kwanza, nikiwa na miaka tisa, katika soko la Kamembe.

Mama yangu aliuza vitenge. Siku moja alitujia Maman Furaha, kiongozi wa kwaya moja ya Bugarama, na furushi la sare zilizoshonwa kwa kitenge chetu. Alitupa gauni moja juu ya meza.

"Maman, ulisema hii ni pamba! Tulifua mara moja tu, ikapunguka. Na angalia vile inajikunja! Hii iko ya nilon. Bantu bote ba soko basikie!"

Watu wote wa soko wakasikia kweli. Wateja wetu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama alijaribu kueleza kwamba pamba ndiyo inayopungua ikifuliwa mara ya kwanza, pamba ndiyo inayojikunja, lakini nani amsikilize? Mama yangu, mwongo? Thubutu!

Nilikuwa nimemwona mara nyingi akipima mzigo mpya kwa moto, akichoma uzi mmoja kujua kama ni pamba. Gauni langu lilikatwa katika jora lilelile la sare zile, basi nikavuta uzi kwenye pindo, nikanyakua kiberiti cha jirani muuza mishumaa. Uzi ulishika moto mara moja, ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini. Halafu, adabu nikiwa nimeiacha nyumbani, nikachomoa uzi uliokuwa ukining'inia kwenye blauzi ya Maman Furaha, ile ya kung'aa. Huo ulinywea, ukayeyuka, ukawa kidonge cheusi kigumu.

"Nilon iko kwako, Maman!"

Soko likaangua kicheko. Mama alinikata jicho kali, kisha akageuka kuficha cheko lake. Maman Furaha naye alicheka hadi machozi, akafunga furushi lake. Baada ya ibada ya kwanza alirudi kununua zaidi: katika joto lile la Bugarama, sare zilikunywa jasho na kwaya ikaimba mpaka mwisho.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba moto wangu ndio uliomwokoa Mama. Sasa nauza vitenge mimi mwenyewe, na wauzaji wanaowavisha watoto wao kile wanachowauzia wengine nawahesabu kwa vidole. Maman Furaha hakuhitaji kiberiti. Ingetosha anitazame tu, nimesimama pale tangu asubuhi na gauni langu la kitenge kilekile, limejikunja kama sare zake.