Mama Mkwe Agoma Kuinama Mashuani kwa Kinue

Ukungu bado umelala juu ya mfereji unaozunguka ngome ya mji wa Matsue, Japani, na Kinue Katsube amekwisha kufuta sakafu ya mashua yake na kupanga mito ya kukalia. Abiria wanavua viatu, wanaingia, wanakaa chini. Wa mwisho ni bibi mfupi mwenye koti la zambarau: Bi Tomie, mama mkwe wa Kinue, mwenye miaka themanini na sita. Hajawahi kupanda mashua hii.

"Umechelewa," bibi anamwambia Kinue.

"Nimefika hapa kabla ya bata, mama. Kaa."

Kinue, 61, anaendesha mashua ya watalii. Zamani alitengeneza vitafunio vya chai katika duka moja mjini. Mumewe alifariki, duka likapunguza watu, naye akasomea leseni. Mama mkwe, anayeishi naye nyumba moja, alinuna. Kwa wiki kadhaa neno lake pekee mezani lilikuwa, "Supu ina chumvi."

"Alisema mjane wa mwanawe hawezi kupaza sauti mbele ya wageni kama mnadi samaki," Kinue anasema, akicheka. "Lakini gesi ya kupikia haiji kwa heshima."

Mshahara wake, kama yeni laki moja na sabini elfu kwa mwezi, haumtajirishi. Unawatosha wawili.

Leo bibi amekuja kwa hiari yake. Jumapili anahamia Hiroshima kwa mwanawe mkubwa, kwenye jengo lenye lifti, maana ngazi za nyumbani zimemshinda. Anataka kuuona mji wake kutoka majini kabla hajaondoka.

Kuna kikwazo. Baadhi ya madaraja ya Matsue ni ya chini mno, hivyo paa la mashua hushushwa na abiria wote huinama mpaka paji la uso likaribie magoti. Kabla ya safari hufanyika jaribio. Asiyeweza kuinama hubaki gatini.

Kinue anabonyeza swichi. Paa linashuka. Wote wanainama, isipokuwa mmoja.

"Mama, inama."

"Kwa nani? Tangu uolewe sijakuinamia. Nianze leo mbele ya watu?"

Bibi harusi mmoja aliyekuja fungate kutoka Osaka anaziba mdomo asicheke.

"Hukuambiwa uniinamie mimi. Inamia daraja."

"Daraja liko wapi?"

"Ndiyo maana tunaita mazoezi!"

Bibi hatikisiki. Kinue anapandisha paa, anachukua viatu vya mama mkwe wake na kuviweka tayari ukingoni.

"Kanuni ni moja kwa wote, mama. Shuka, nitakukuta hapa nikirudi."

Bibi anavitazama viatu. Sauti inapungua.

"Na mgongo ukinasa je, Kinue?"

Kumbe si kiburi. Kinue anapiga magoti kando yake.

"Si ungesema! Lala ubavu, hiyo nayo inaruhusiwa, kama unavyolala kitandani. Bibi harusi, sogea kidogo, umpe nafasi."

Mito miwili inawekwa. Bibi analala. Paa linashuka tena na kumpita bila kumgusa.

Mashua inaondoka. Misonobari inapita, kuta nyeusi za ngome zinapita, kisha daraja la kwanza linakuja na paa linashuka. Kizani, bibi anageuza macho nyuma na kumwona nahodha amejikunja, kidevu karibu na usukani.

"Kumbe na wewe unainama?"

"Kila siku, mama."

Wanapotokea kwenye mwanga, bibi anauliza kama wakati wa baridi mashuani huwekwa meza zenye joto na blanketi.

"Huwekwa."

"Basi Januari nije. Unipokee stesheni, na usichelewe."

Gatini, Kinue anamvalisha viatu, kisha anafunga kamba. Anapanga kuendesha mpaka afike sabini, leseni ikiruhusu.

"Mimi nataka kufika sabini, yeye anataka kufika Januari, na kila Januari," anasema. "Tutaona nani atachoka kwanza. Mimi naweka dau kwamba hatakuwa yeye."