Sikio la Bibi wa Udongo

Habari za msiba zilinikuta Nyashimo, nikisubiri chai ipoe: mwalimu wa sanaa wa sekondari moja ya Bariadi ametutoka. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Tulifahamiana kupitia maonyesho ya wanafunzi wake. Hata hivyo chai ile ilinishinda, nikaiacha mezani.

Mara ya kwanza aliponialika, wanafunzi wake walikuwa wamelichukua lile zimwi la hadithi zetu za Kisukuma, lililomeza watu na ng'ombe wa nchi nzima, wakaliunda upya kwa nyaya za baiskeli na magunia ya pamba. Tumboni walijaza simu mbovu na chupa za plastiki, maana ndivyo vinavyotumeza siku hizi. Kijana shujaa aliyelipasua tumbo walimvika jezi na miwani ya jua, na kila mmoja alitaka kumtengeneza yeye. Mwalimu akawauliza, "Na yule bibi anatengenezwa na nani?" Waliokuzwa na hadithi hiyo wanamkumbuka: kisu cha shujaa kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa ndani, naye akatoka akilalamika wakati wenzake wanashangilia. Binti mmoja kutoka kijiji cha Kimali ndiye aliyekubali kumfinyanga, ameketi chini, kiganja sikioni.

Mkuu wa shule hakupendezwa, na alisema mbele yangu. "Madam, wageni wanakuja kuona ushindi. Huyu bibi atatuharibia." Mwalimu, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akajibu, "Akitoka bibi, mkuu, na zimwi linatoka." Alijua kwamba kazi ya muhula mzima ya wanafunzi wake ingeweza kuishia stoo. Ubishi ulichukua siku kadhaa, lakini bibi akabaki. Wageni walipiga picha na shujaa, wakaenda kula pilau. Kina mama waliotoka vijijini ndio waliosimama mbele ya bibi. Mmoja aliinama akamshika bega. "Pole, mayu," alimwambia, kama anayezungumza na mama yake mzazi.

Nimelifikiria sana sikio lile. Mkoa wetu unajengwa, ofisi mpya zimeinuka Lagangabilili, na mimi ni miongoni mwa wanaoshangilia. Lakini anayekuokoa anaweza pia kukukata, na aliyekatwa akilalamika tunamwambia shukrani ya punda ni mateke. Hilo linaniuma, kwa sababu nimelisikia kwenye mikutano mingi mno.

Mazikoni wasemaji walitaja matokeo ya mitihani na vikombe. Binti yule wa Kimali, sasa mtu mzima, alizungumza mwisho. Alisema kila kazi ilipokamilika, kabla hawajapiga makofi, madam aliwauliza swali moja tu: nani ameumia? Kisha akaligeukia kaburi. "Leo ni sisi, madam," akasema, akarudi kukaa. Nililia bila kujificha. Swali lile, wasomaji wangu, tusilingoje mazikoni. Tuliulize kisu kikiwa bado mkononi.