Kiganja Juu ya Majivu

Mwanamke anayetunza nyumba kongwe ya samurai, wale wapiganaji wa kale wa Japani, mkabala na duka la chai la Shigeko, huwasha moto kila asubuhi, na kila asubuhi huuogopa. Hana budi: bila moshi wa lile jiko la sakafuni, wadudu watalitafuna paa la nyasi mpaka liwaangukie wageni wanaokuja kuitazama nyumba. Basi hupiga magoti, akapuliza huku uso kaugeuzia pembeni, kama anayemlisha mbwa mkali. Wageni wakivua viatu mlangoni, huwanusa kwanza kama wana sigara, ndipo awakaribishe kwa sauti yake ya chini. Jioni huufukia moto, kisha hukibandika kiganja juu ya majivu, akakiacha hapo mpaka roho itulie. "Dada, iko siku utaukaanga mkono huo!" Shigeko humtania. Yeye huutazama tu mtaa mzima wa mbao, paa limeegemea paa.

Jana jioni, moto ukiwa umeshafukiwa, upepo ulishuka kutoka mlimani na harufu ya kuungua ikajaa kichochoroni. Wageni wa mwisho walitimua mbio peku. Shigeko naye akatoka dukani anapiga kelele, "Dada, toka! Nyumba yako inaungua!"

Hakutoka. Alizama ndani, akautia mkono kwenye majivu hadi kiwiko, akapapasa; yalikuwa baridi hadi chini. Alipojitokeza mlangoni, mkono ule ulikuwa mweupe kwa jivu.

"Moto si wangu," alisema, na macho yake yakapita juu ya bega la Shigeko, yakaganda dukani.