Povu Lililozama Wakati wa Maombi

Keti kidogo nikueleze kwa nini juzi nilicheka peke yangu dukani, mjini Salama, nilipoona kopo la krimu ya maziwa ya kupuliza.

Nilipokuwa mdogo, shangazi alituletea kopo kama hilo kwetu Matinyani. Susu, yaani nyanya yangu, alilitumbukiza kwenye mtungi wa maji lisipate joto, akiwangojea akina mama wa kanisa. Mchana walipokuja, alinipa mimi kazi ya kupamba kahawa yao. Nilibonyeza, kopo likatoa sauti ya paka aliyekasirika, na kila kikombe kikavaa kilemba cheupe chenye harufu ya vanila.

Kisha Mama Mutua, mmoja wao, akaanza kuombea chakula. Akaombea na mvua, na mbuzi, na wagonjwa wa hospitali ya Matiliku. Nikafungua jicho moja. Povu lilikuwa likizama. Niliamini Mungu analichukua kwa sababu nimechungulia, na kwamba nimemwaibisha Susu mbele ya wageni wake.

Waliposema amina, nilikuwa nalia. "Susu, ni mimi. Nilifungua macho."

"Hata mimi nilifungua," Susu akasema. "Krimu haijaenda mbali. Iko humo ndani, kunyweni."

"Ni Mama Mutua huyu," mgeni mmoja akasema. "Ameombea mpaka mbuzi." Wakacheka wote, na Mama Mutua akaomba aongezwe.

Siku hizi najua ni joto la kahawa tu. Lakini bado namshukuru Susu kwa kukiri pamoja nami. Basi ukipata wageni, ombeni kwanza, ndipo ubonyeze kopo.