Mishale Miwili Chini ya Ubao

Nilipomwambia mke wangu kwamba nimepata kazi mjini Pinetown kwa fundi wa bunduki, aliendelea kukunja nguo.

"Papa, sisi tulikimbia bunduki toka kwetu Uvira mpaka huku ugenini," alisema. "Sasa unazifuata kwenye kazi?"

Nilimweleza kwamba mimi ni seremala, nitashika mbao tu: vitako vilivyopasuka, msasa, mafuta ya kupaka. Na kweli, miezi ya kwanza nilimsubiri bosi atenganishe chuma kabla sijagusa ubao.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja mjane kutoka mtaa wa Bluff, mtu wa kama miaka sabini, na bunduki ya marehemu mumewe ndani ya mfuko mrefu wa turubai. Polisi walikuwa wamemwelekeza ailete kwa fundi mwenye kibali, itunzwe hapo mpaka mambo ya mirathi yaishe. Kwenye fomu bosi alitakiwa kuandika ni bunduki gani na imetoka wapi.

Bosi aliigeuza dirishani. "Hii ilikuwa ya jeshi," alisema, akamwonyesha alama ndogo kwenye chuma, mshale ndani ya herufi U. "Jeshi la nchi hii hii, zamani. Baadaye mtu akakata mbao za mbele na kufupisha mtutu, iwe nyepesi kwa kuwindia."

Mama alitafuta kiti akakaa. Nikamletea maji, lakini hakunywa.

"Nilijua," alisema. Akatueleza kwamba mumewe, kabla hawajaoana, alikuwa dereva kwenye kambi ya jeshi. Siku moja shemeji yake huyu mama, akiwa amelewa, alisema ile bunduki iliibwa kambini, ikatolewa ndani ya lori, chini ya magunia ya viazi. "Sikumwuliza mume wangu hata mara moja. Niliogopa atakachojibu. Kila mwaka alileta nyama ya swala, nami nikaila nikiwaza yale magunia."

Bosi akanitazama. "Fungua mbao, tuone chini."

Hapo ikabidi niishike nzima, mbao na chuma pamoja. Bisibisi iliteleza mara mbili. Nikaamua kutazama ninachokijua. Pale ubao ulipokatwa, ncha ilikuwa imeviringishwa vizuri, na kipande cha mti mweusi kimeunganishwa mbele, kiungo ambacho hata ukucha haukukihisi.

"Mama," nikamwuliza, "mume wako alijua useremala?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yule? Rafu aliyotundika jikoni iliangukia sufuria zangu."

"Basi si yeye aliyeikata. Huyu alikuwa fundi hasa."

"Inasaidia, lakini haitoshi," bosi akasema. "Angeweza kuipeleka kwa fundi."

Nikaendelea. Chini ya ubao grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama gundi. Nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, mpaka juu ya mtutu ikatokea mishale miwili midogo inayotazamana, ncha kwa ncha. Sikujua maana yake. Nikamwita bosi.

Alikuja na kioo cha kukuzia, akainama kwa muda mrefu. Kisha akachukua karatasi ya leseni aliyoileta mama na kulinganisha namba, tarakimu moja moja.

"Alama hii jeshi lilipiga kwenye silaha lilizoziuza," alimwambia mama. "Silaha ikiibwa hakuna anayeipigia hii. Iliuzwa. Na namba ni ile ile iliyo kwenye leseni ya mumeo."

"Sema tena," mama akasema.

Bosi akarudia, taratibu zaidi. Mama akaweka kiganja juu ya meza yangu, katikati ya vumbi la mbao, akalia kidogo. Halafu akapumua kwa nguvu, akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili, huku akitusimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiimba akiosha gari, na kwamba hakuwahi kuchukua hata embe lililoanguka upande wa jirani.

"Shemeji yangu naye alishakufa," alisema. "Ningempigia simu leo."

Nilimsindikiza mpaka kwenye taxi. Kwenye robot, zile taa za barabarani, alinishika mkono, tukavuka pamoja.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye uliishika nzima?"

"Niliishika. Mwanzo bisibisi iliniteleza. Kisha nikawa natafuta tu imetoka wapi, nikasahau kuogopa."

Alinitazama sana, kama anayepima kitu. "Kesho nitakufungia sombe ya majani ya muhogo na samaki," akasema. "Uache kununua yale maandazi yao ya vetkoek kila siku."

Tangu nianze kazi ile, hakuwahi kunifungia chakula. Usiku ule sote wawili tulilala mapema.