Mwalimu anayefuta jina alilompa Nyatichi

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya paredi. Gladys Chepchirchir ameegemeza tableti kwenye mkebe wa chaki na anajirekodi akifundisha hesabu kwa mikono. Anakosea. Anafuta, anaanza tena.

Anafundisha gredi ya nne katika shule moja ya msingi karibu na Chepseon, Kaunti ya Kericho. Mwanafunzi wake mmoja, Esnah Nyatichi, binti wa mchuma chai, ni kiziwi. Video hizo ndizo anazotumia kudurusu.

Lugha ya ishara Chepchirchir alijifunza kwenye simu, kwa bando za intaneti anazonunua kutoka kwa mshahara wa bodi ya shule, shilingi elfu tisa kwa mwezi. Wazazi walimsifu, naye akaona amefika.

Kisha mwezi Mei akampigia simu ya video Rebeccah Chepkirui, fundi wa nguo mjini Kericho ambaye pia ni kiziwi, asalimie darasa. Rebeccah akamuuliza msichana jina lake la ishara, ile ishara moja inayomtambulisha mtu. Nyatichi akakunja vidole, akajikwaruza shavuni, palipo na kovu la uji uliomchoma utotoni.

Rebeccah akaacha kutabasamu. "Nani alikupa?" mikono yake ikauliza.

Mtoto akamnyooshea mwalimu kidole.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Chepchirchir, macho chini. "Siku ya kwanza nilitafuta kitu ya kumtambulisha, nikaona shavu. Darasa yote ikashika. Halafu nikaweka kwa kila video, anaangalia hiyo hata nyumbani."

Rebeccah alimweleza kwamba jina la ishara mtu hupewa na viziwi wenzake, na lazima mwenyewe alikubali.

Akisaidiwa na Rebeccah, Nyatichi sasa amejichagulia lake: vidole vinachuma hewani na kurusha nyuma ya bega, kama mama yake anavyotupa majani kapuni.

Lakini mazoea yana taabu. Wiki iliyopita, mama huyo alipofika shuleni, mkono wa mwalimu ulipanda tena shavuni. Mama akageuka, akatazama dirishani.

"Heri angenitusi," anasema Chepchirchir.

Anataka kurekodi upya video zote kabla ya muhula kuisha. Yeye mwenyewe hana jina la ishara, na pale shuleni ni Nyatichi tu, kiziwi pekee, anayeweza kumpa. Kwa sasa, mtoto akimtaka mwalimu, humnyooshea kidole.

"Siwezi kumuomba, nitaanzia wapi?" anasema. "Lakini siku akinipa, hata ikuwe mbaya, nitaitika."