Sekunde Ishirini za Kimya

Swali lililoninyima usingizi miaka mingi ni hili: siku ile Likoni, je, ni mwana aliyemwacha baba yake kwenye simu, au ni mtambo wangu uliowakatia wote wawili? Vijana mnaoingia kazi ya mitambo sasa, nawaandikia habari hii kabla sijaanza kuipamba.

Siku ya kwanza kazini, Changamwe, nilifika mapema mno nikalizunguka jengo mara tatu, nikiwaza kama nibishe hodi au nisubiri kuitwa. Nilikuwa na shahada mpya na wasiwasi wa zamani. Mhandisi Mkuu alinikuta nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi wetu? Mbona umesimama kama mposaji aliyekataliwa? Ingia, mitambo haiumi."

Ndani palikuwa na kabati la chuma lililojaa taa za kijani. Hilo ndilo lango la mtandao. Upande mmoja ziliingia nyaya za simu, upande wa pili ikatoka intaneti. Zama hizo kompyuta ya nyumbani ilipiga simu kama mtu, kupitia modemu, kifaa kinachogeuza maandishi na picha kuwa mlio upitao kwenye waya wa simu. Lango liliupokea mlio ule na kuugeuza tena. Lango lilelile lilibeba simu za intaneti: sauti ya mtu ilikatwa vipande vidogo, ikasafirishwa hadi ng'ambo, ikaunganishwa huko.

Laini zilikuwa thelathini tu, na ziligombewa. Mteja wa kibanda cha simu akisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake, laini ilibaki imeshikwa bure, na mwenye modemu kule Kisauni akaambulia mlio wa bizi. Kwa hiyo palikuwa na kipimo cha kimya. Lango lisiposikia sauti upande wowote kwa muda uliowekwa, lilikata. Mhandisi Mkuu aliniamuru niweke sekunde ishirini.

"Si chache, mzee?"

"Nani apige simu Maskati ili akae kimya? Weka, bwana."

Nikaweka, kisha nikajaribu kama mafundi wote tunavyojaribu: nilishika simu nikahesabu "moja, mbili, tatu" bila kupumzika, na mwenzangu upande wa pili akahesabu vilevile. Simu haikukatika. Nilirudia jaribio lile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na hata mara moja sikunyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na halikuandikwa popote.

Nikahamishiwa Kisauni, chini ya Msimamizi wa Laini aliyependa kusema, "Kijana, ukimaliza kufikiri utuambie, tufunge ofisi." Kisha nikapelekwa Likoni, kukagua vibanda vya simu za intaneti. Huko ndiko nilikomjua Mzee Bakari wa Bofu na mkewe, Bi Mwanaisha. Mwana wao, Salimu, alikuwa ameondoka kwenda Maskati bila kuaga, baada ya kugombana na baba yake. Mama alimpigia kila mwezi. Baba hakuwahi kuugusa mkono wa simu.

Siku ile ninayoisimulia, Bi Mwanaisha alikuja na mumewe. Alikuwa mgonjwa, anatembea kwa kumshika mkewe bega.

"Leo mwenyewe atasema," Bi Mwanaisha akaniambia. "Haya, ingia mume wangu, usije ukabadili nia."

"Nibadili nia nimekuwa mtoto?"

Akaingia, mlango wa kioo tukauacha wazi kidogo apate hewa. Nilimsikia akiitikia salamu, akiuliza afya, hali ya kazi, chakula cha huko. Kisha akasema, "Salimu, mimi nimekusamehe. Je, nawe umenisamehe?"

Akanyamaza kungoja jibu. Baadaye akautazama mkono wa simu, akautoa sikioni.

"Amenikatia," akasema.

"Wallahi hawezi," mkewe akajibu. "Tupige tena."

"Nimeuliza, nimejibiwa. Twende zetu."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningesema, "Mzee, huenda ni mtambo." Badala yake nikaanza kuwaza: na kama sivyo? Na kama nikimpa tumaini la uongo? Nilipomaliza kuwaza walikuwa wameshavuka barabara.

Kesho yake nilirudi Changamwe, nikafungua kumbukumbu za lango. Sababu ya kukatika: kimya. Lakini hata hapo nikajipatia pa kujificha. Kimya kingeweza kuwa cha mtu aliyeweka simu mezani akaenda zake. Nilikiongeza kipimo hadi dakika tatu, kimyakimya, na Mhandisi Mkuu alipouliza nani kalalamika, nikasema hakuna. Ilikuwa kweli. Mzee Bakari alifariki kabla ya mwezi kwisha, na Salimu hakuwahi kuja maziko.

Nilitumikia vituo vingine, modemu zikatoweka, lango likauzwa kama vyuma chakavu. Nimestaafu nikiwa na barua nzuri ya shukrani. Watu hudhani majuto ya fundi ni mitambo iliyoharibika. Yangu ni mtambo uliofanya sawasawa nilivyouagiza, na neno moja nililoshindwa kulisema.

Wiki iliyopita nilisikia Salimu amerudi kwa mama yake, Bofu. Nikajizuia kupanga maneno, nikaenda. Nilimkuta barazani, mtu mzima mwenye mvi, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama.

"Kwani yeye hakukata?" akauliza.

"Hakukata. Alikuwa anakungoja."

"Mimi nilikuwa nalia, bwana. Sauti haitoki. Simu ikafa, nikajua amechoka kuningoja. Nikaona haya kupiga tena, hata kuja kumzika." Akajifuta uso kwa kiganja, kisha akageukia ndani. "Mama! Njoo. Njoo usikie jambo la baba."

Bi Mwanaisha akatoka akiburuta miguu. Hasikii vizuri siku hizi. Salimu akamketisha karibu nami.

"Haya, mwambie," akasema. "Kama ulivyoniambia mimi."

Nikamwinamia sikioni, nikamtajia jina langu, nikaanza upya kwa sauti kubwa.